Ua Kwenye Pembe ya Kitambaa

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimerudi kwenye cherehani, mara ya kwanza tangu msiba. Nilidhani miguu imesahau. Haikusahau. Nilipokanyaga tu, gurudumu likazunguka kana kwamba niliondoka jana.

Chumba cha chama chetu ni kile kile, nyuma ya zahanati. Zamani kilikuwa stoo. Bado kinanuka dawa ya panya. Meza ndefu, cherehani mbili, dirisha lisilofunga. Hapo ndipo tunapofunga mikoba ya wajawazito wa vijijini, wale ambao uchungu unaweza kuwakuta kabla gari halijawakuta. Ndani ya mkoba: glavu, sabuni, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu, nailoni ya kutandika. Na kitambaa cha mstari. Hicho ndicho changu.

Mkunga, kiongozi wetu, alinieleza kazi upya, kama mtu anayempokea msafiri. Kitambaa kiwe cheupe, kinene, chenye tabaka za kunyonya. Katikati napitisha mstari wa uzi wa buluu, unaozunguka kama yai. Mzazi akishajifungua anakilalia. Damu ikibaki ndani ya mstari, ni damu ya kila mzazi. Ikivuka — hakuna kungoja, hakuna kubadilisha shuka. Ni gari na hospitali.

Nilikuwa nikiyajua yote haya. Nilimwacha aseme. Sauti yake inatuliza.

Bi Mkasi hakunipa pole. Yeye ndiye anayekata vitambaa, na ulimi wake unakata zaidi. Alisema tu kwamba kiti changu kilikuwa kimeshaolewa na paka, nikae kwa adabu. Nilicheka. Sikujua kama bado naweza.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeshona tangu asubuhi. Mstari unanirudisha kwake.

Mwanangu alifariki mwaka jana, wakati wa mvua, nyumbani kwa mumewe. Mtoto alitangulia. Yeye akafuata kabla ya jioni. Nilipofika walikuwa wameshamfunika.

Wanawake waliokuwa chumbani ni wasafi. Hilo nalisema kwa heshima. Kila shuka ilipolowa waliitoa, wakaitia kwenye beseni, wakatandika nyingine. Kila aliyechungulia alimwona amelala pasafi. Damu ilikuwa ikienda beseni hadi beseni, na hakuna aliyeiona yote kwa pamoja.

Sina wa kumlaumu. Ningekuwapo, na mimi ningebadilisha. Nani anamwacha mzazi alale kwenye uchafu?

Mkunga aliponieleza kitambaa hiki mara ya kwanza, baada ya msiba, nilielewa kabla hajamaliza. Nikaenda nyuma ya zahanati nikakaa kwenye tofali.

Jumatano, 12 Juni

Nimefanya jambo dogo. Kwenye pembe ya kitambaa, nje ya mstari, nimedarizi ua. La njano. Majani matano — la tano dogo.

Ni ua lake. Alikuwa darasa la nne, wakafundishwa kudarizi leso. Uzi ukamwishia kwenye jani la tano, likabaki dogo. Mwalimu akataka afumue aanze upya. Akagoma. Aliniambia jani lile ni kitindamimba, kama yeye, na kitindamimba hafumuliwi. Tangu hapo kila alichodarizi kilikuwa na jani moja dogo, hata uzi ukiwa mwingi. Mito, mapindo ya mapazia, mfuko wa sare ya kaka yake — ambaye alichekwa na timu nzima kwa sababu ya ua lile, akalia, na bado hakulitoa.

Bi Mkasi alikigeuza kitambaa mara mbili. Akauliza kama siku hizi tunapeleka vitambaa vya kuzalia au vya kupambia kochi.

Mkunga alikiinua dirishani. Kisha akasema liache, linapendeza, mama mmoja huko atajua kuna mtu alimfikiria.

Nimelidarizi kwenye vyote.

Jumanne, 25 Juni

Habari njema! Mkunga amerudi kutoka vijijini. Anasema wanawake hawaulizi tena mkoba wa kuzalia, wanauliza "mkoba wa ua". Wengine wametembea kutoka mbali kuja kuufuata, wanawake ambao zamani hata kliniki walikuwa hawaji. Nyumba moja amekikuta kitambaa kimefunika redio. Nyingine kiko mezani, chini ya birika, kwa ajili ya wageni.

Tulicheka. Bi Mkasi alisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwamba sasa tungoje barua ya posa.

Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Njia nzima niliwaza — mwanangu yuko kwenye meza za watu. Yuko juu ya redio, anasikiliza muziki. Alivyopenda muziki yule.

Jumapili, 7 Julai

Mkwe wangu alikuja. Hakuja peke yake.

Nilikuwa nimesikia kwamba ameoa tena. Sikusikia kwamba mke ana mimba. Alisimama nyuma yake mlangoni, ameshika tumbo kwa mkono mmoja na viatu kwa mwingine. Binti mdogo, mwembamba wa shingo. Akasema shikamoo mama. Nikasema marahaba. Neno "mwanangu" lilikuwa njiani, likakwama.

Mkwe bado ananiita mama. Hajaacha kuja hata mwezi mmoja. Hajui kukaa, kwa hiyo anatengeneza vitu. Leo alitoa bawaba ya mlango, akainyoosha kwa jiwe, akairudisha. Mimi na yule binti tukabaki kutazamana. Nikamwuliza anatoka kwa nani. Akajibu kwamba mama yake hamjui, alilelewa na shangazi, naye shangazi amehamia mbali. Aliyasema kama mtu anayetaja njia.

Nikaenda ndani nikamletea mkoba. Nilimpa wenye kitambaa nilichokishona vizuri kuliko vyote. Ukweli wangu mwenyewe: nilimpa ili nisilazimike kusema kitu.

Alikikunjua kitambaa. Akalipitia ua kwa kidole, jani baada ya jani, akafika kwenye lile dogo akasimama. Akaniuliza nani alinifundisha. Nikasema, mwanangu. Akarudisha mkono mapajani.

Walipoondoka aliinama akasema asante, mama. Nilifunga mlango mapema kuliko adabu inavyotaka. Bawaba mpya haikulia hata kidogo. Ningependa ilie.

Ijumaa, 12 Julai

Mvua. Uzi wa njano umeisha. Bi Mkasi amesema tumshukuru Mungu. Nimenunua mwingine.

Alhamisi, 18 Julai

Sijui nianzie wapi.

Mkunga alirudi mchana, hakusema habari zenu. Nyuma yake bibi mmoja, mtu mzima, vumbi hadi magotini. Kabeba kitu kimefungwa kwenye mtandio. Tulimpa kiti, akasema anakaa kidogo tu.

Akafungua mtandio. Kitambaa changu. Kimekunjwa vizuri, cheupe pe, ua juu.

Mke wa mwanawe amefariki. Alijifungua salama, mtoto yupo. Kitambaa kilikuwa ndani ya mkoba, lakini mzazi mwenyewe aliwakataza wasikichafue. Alikitaka siku wageni watakapokuja kumwona mtoto, amfunikie. Akalalia matambara, na matambara yakawa yanabadilishwa. Kwa usafi. Walipogundua kuwa midomo imekuwa myeupe, jua lilikuwa limeshapinduka.

Bibi hakuja kutulaumu. Hilo ndilo ninaloshindwa kulibeba. Alikuja kushukuru. Alikilaza kitambaa mezani, akakinyoosha kwa kiganja, akasema:

"Wanangu, nimewarudishia. Hakijatumika. Ni kizuri, kisikae bure, mwingine asikikose."

Nilitoka nje. Nikakaa kwenye tofali lile lile. Bi Mkasi alinifuata akakaa chini, kwenye udongo, na gauni lake jipya. Hakufanya mzaha. Ningefurahi kama angefanya.

Ijumaa, 19 Julai

Sikulala. Nimekwenda kazini hivyo hivyo.

Mkunga aliongea polepole. Alisema yeye ndiye aliyekiinua dirishani akaliruhusu ua. Alipoona kitambaa juu ya redio alipaswa kujiuliza huyu mama alilalia nini, badala yake alicheka. Hataki mtu hapa ajitwike peke yake. Lakini ua liondoke.

Bi Mkasi akasema kuondoa ua hakutoshi. Kitambaa cheupe ni kitambaa cheupe, maskini atakitunza tu. Kizuri chajiuza — hiki kimejifungia sandukuni. Inatakiwa kitu kibaya, ambacho hata mwizi atakitundika tena kwenye kamba. Akaenda dukani akarudi na kitambaa cha marekani, kile cha bei ya mwisho, kigumu, rangi ya udongo mkavu. Akachukua kalamu ya wino mzito akaandika katikati, herufi kubwa zilizopinda: CHA DAMU. LALIA. Mstari wa buluu utayazunguka maneno hayo. Tukakitazama. Ni kibaya kweli kweli.

Mimi nilipewa kufumua vilivyobaki kwenye rafu. Kufumua ni kazi ya kuzuia pumzi. Ukivuta sana, kitambaa kinapata tundu. Nilianza na majani makubwa, jani dogo nikaliacha la mwisho kila mara. Mbele yangu kikakua kichuguu cha nyuzi za njano. Kitindamimba hafumuliwi, alisema. Nimekufumua, mama. Nisamehe.

Kile cha bibi sikukifumua. Nilikitia kwenye mfuko wangu. Mkunga aliniona, akageukia dirisha.

Kesho ataanza kuzunguka kuvibadilisha vyote. Alipotaja vijiji, nikaiweka sindano chini. Kuna nyumba moja haimo kwenye safari yake. Kile sikukigawa kwa mkono wa chama. Nilikigawa kwa wangu.

Jumapili, 21 Julai

Nimekwenda.

Sikuwa nimekanyaga uwanja ule tangu msiba. Hakuna kilichobadilika. Pipa la maji, kamba ya nguo, na chini ya kamba udongo uliofagiwa ukabaki na mistari ya ufagio. Mzazi mwenzangu — mama yake mkwe wangu — alikuwa akifua. Huwa anafua. Vidole vyake vimekunjamana kwa maji hata akiwa amekauka. Aliponiona akasimama na povu mkononi. Tulisalimiana, tukaulizana afya, kila mmoja akaangalia ndoo.

Nikaeleza nilichokuja kufanya. Binti akaingia ndani, akatoka na sanduku la bati. Kitambaa kilikuwa chini kabisa, chini ya visoksi vya mtoto, kimefungwa kwenye nailoni pamoja na kipande cha sabuni ili kinukie. Nilikijua hata kabla hajakifungua. Nikatoa marekani yangu, nikaiweka juu ya mkeka. Ilijikunja kama ngozi.

Mzazi mwenzangu alisema hapana. Kwa upole, lakini alisema. Aibu gani hii, mzazi alale kwenye gunia lililoandikwa damu, jirani akiingia?

Nikawasimulia habari ya bibi. Yote. Binti alikuwa amekishika kitambaa kifuani kwa mikono miwili.

"Mama, umekuja kukichukua?"

Nikamwambia tubadilishane tu.

"Ni kitu pekee ulichonipa."

Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Yakaondoka. Kwa sababu ni kweli — nilimpa kitambaa, nikamfungia mlango, naye akakichukua kitambaa akakifanya mlango.

Nikasema basi, baki nacho. Lakini siku ikifika ukilalie. Hicho hicho.

Akauliza atalichafuaje ua la dada. Alisema dada. Hakuna aliyemfundisha amwite hivyo, nadhani. Mkwe wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alishtuka kama mimi.

Nikamjibu, "Dada yako angetaka ulilalie. Na siku hiyo mniite. Nitakuja kulitandika mwenyewe."

Mzazi mwenzangu akakausha mikono kwenye gauni. Akasema, bila kunitazama, kwamba chumba ni kile kile. Nikasema najua.

Alinisindikiza hadi barabarani. Hatujawahi kulizungumza jambo lile, yeye na mimi. Hata leo hatukulizungumza. Ila alipotaka kuagana alinishika kifundo cha mkono, akakishika muda mrefu, na vidole vyake vilivyokunjamana vilikuwa baridi.

Jumatatu, 29 Julai

Kijiji cha kwanza kilichopata marekani kimeleta malalamiko. Mama mmoja kajifungua salama, kaja hadi zahanati na mtoto mgongoni kutuambia kwamba kitambaa chetu kinakwaruza, kinanuka duka, na maandishi yamemwachia wino kwenye paja. Bi Mkasi alimkumbatia. Yule mama alishangaa. "Kwa hiyo alikilalia!" alituambia Bi Mkasi baadaye, akafuta macho kwa pindo la kitambaa, akadai ni vumbi.

Mkunga amepanga gari limchukue binti wiki ijayo, akae karibu na hospitali angoje huko huko. Amesema mtoto amekaa vizuri, ila binti ana upungufu wa damu mwilini, asijifungulie nyumbani. Nilituma ujumbe kwa mkwe. Akajibu: Sawa mama. Ameanza vidonge.

Jumamosi, 3 Agosti

Gari liko gereji. Litatoka Jumatano. Mkunga anasema bado kuna muda.

Nimeweka mfuko karibu na mlango. Ndani: kitambaa cha bibi, marekani mbili, sabuni, daftari hili.

Leo nimeshindwa kutunga uzi kwenye sindano. Nililamba, nikakunja jicho, wapi. Alikuwa akinitungia mwanangu. Kabla ya kwenda shule alikuwa akinitungia sindano nyingi, anazichomeka kwenye pazia kwa mstari, kila moja na uzi wake, ili nisipate shida mchana. Nikitazama pazia nilikuwa najua saa ngapi zimebaki arudi: sindano zikipungua, yuko karibu.

Pazia lipo. Matundu madogo yapo.

Jumanne, 6 Agosti

Naandikia hospitali, kwenye benchi la ukumbi. Nisipoandika nitaanza kuhesabu vigae.

Mkwe alikuja asubuhi na pikipiki ya kuazima. Hakushuka. Alisema tu, mama, mapema. Nikachukua mfuko. Njiani nilimpigia Mkunga. Akasema atalitoa gari gereji hata kama halina milango.

Chumba kile. Kitanda kile, kimegeuzwa upande wa pili. Nadhani waligeuza kwa ajili yangu. Mhudumu wa afya wa pale kijijini alikuwepo, ameshavaa glavu. Mzazi mwenzangu alikuwa ameshachemsha maji, amepanga shuka safi kwenye kiti, moja juu ya nyingine, na beseni chini. Nilipoliona beseni nilisimama mlangoni. Binti akanyoosha mkono. Akanishika mimi. Si mhudumu, si mama mkwe wake — mimi. Nikaingia.

Mtoto akaja kabla ya adhuhuri. Wa kike. Alilia mara moja, kwa hasira, kama aliyeamshwa. Kondo la nyuma likatoka lote. Mhudumu akasema vizuri. Nikakikunjua kitambaa, kinanukia sabuni, nikakitandika chini yake kwa mkono wangu. Ua likakaa upande wa nyonga. Binti akauliza kama limekaa sawa. Nikamwambia limekaa sawa.

Tukangoja. Mhudumu alimkanda tumbo, akamwekea mtoto titi.

Doa likaanza katikati. Likapanuka. Mzazi mwenzangu akainuka na shuka safi mkononi. Ni mkono tu, najua, mkono uliozoea. Akasema tumtoe kwenye uchafu, masikini, abaki pakavu. Tayari alikuwa ameshika pembe.

Nikamshika kifundo cha mkono, kama alivyonishika barabarani.

"Acha, mwenzangu. Acha tuone."

Alinitazama. Kisha akatazama kitambaa, kisha beseni, kisha lile rundo la shuka alizozifua mwenyewe. Nikaona anaelewa. Si habari ya leo tu. Habari ya mwaka jana ilimfikia pale pale, akiwa amesimama, na hapakuwa na mahali pa kuiweka. Akakaa sakafuni. Shuka ikabaki mapajani mwake, safi.

Hatukubadilisha. Wazee wawili tumekodolea macho uzi wa buluu. Damu ilifika kwenye mstari, upande wa kushoto. Ikasimama kidogo, kama mtu anayepiga hodi. Ikavuka.

Mhudumu alipaza sauti kumwita mkwe. Gari lilikuwa linaingia uwanjani, kweli na mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Mkunga aliruka kabla halijasimama. Akachungulia kitambaa tu, hakuuliza swali lingine. Akamchoma sindano pale pale, akamkanda tumbo njia nzima bila kupumzika. Binti alikuwa akiniambia baridi, baridi. Nikamfunika na kitambaa cha bibi. Kisikae bure, bibi alisema.

Wamempitisha kwenye ule mlango wa kusukuma. Mkwe ameitwa, ametolewa damu, amerudi na pamba kwenye mkono. Hakai. Ameiona bawaba ya dirisha la ukumbi imelegea, anaigusagusa. Mzazi mwenzangu amempakata mtoto. Mtoto amelala, ngumi moja nje. Tumekaa bega kwa bega, na benchi ni refu.

Nimewaza hivi: mwanangu hakufika hapa. Hakuona ukumbi huu wala taa hizi. Huyu amefika. Kilichobaki hakimo mikononi mwangu, lakini amefika.

Muuguzi alitoka kidogo na mfuko wa plastiki. Ndani kitambaa cha mstari. Akauliza, kwa heshima, tunakitaka au kitupwe. Nilitazama. Ua halionekani tena. Wala jani dogo. Nikasema kitupe, mwanangu. Akaondoka nacho.

Bi Mkasi ameingia sasa hivi na chupa ya chai. Amepanda gari mbili. Amekaa, amenimiminia, amesema kwamba alikuwa na mzaha lakini ameusahau njiani. Nimemwambia aukumbuke, tutauhitaji.

Chai ya moto. Siwezi kuinywa.

Mlango umefunguliwa tena. Ni daktari, kofia bado kichwani. Anaangalia benchi letu lote, mmoja mmoja. Anauliza mama yake huyu mgonjwa ni yupi.

Mkwe anafungua mdomo, aseme hana. Mzazi mwenzangu ameshanigeukia.

Nimesimama. Daftari bado liko mkononi.